Kiporo: kisa kizima cha paka wa genge la samaki aliyehamia ghorofa ya 3

Nimeulizwa sana, ngazini, kwenye daladala, mpaka msibani nimeulizwa, yule paka shume wa kwa mama samaki mmemfanyaje mpaka siku hizi ametulia ndani kama mwali? Afu nikijibu kifupi watu wanaona najifanya mtaalamu. Mi si mtaalamu, nafanya kazi stoo kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo, basi. Kwaiyo naelezea kisa chote tangu usiku wa kwanza mpaka wiki ya kumi, na ya aibu nayaweka humo humo, maana kusema kweli ya aibu ndo mengi.

Mhusika ni dume, rangi ya kutu yenye michirizi, kichwa kama embe dodo, mashavu yametuna. Watu walikuwa wanasema kanona huyo, anakula samaki wa bure, kumbe ukimshika mgongoni unahesabu pingili moja moja. Dume la paka lisilohasiwa mashavu yanajaa hivo kwa ajili ya homoni, haihusiani na shibe. Sikio moja lina mwanya wa ugomvi wa zamani. Mama samaki, genge lake liko chini kabisa ya ghorofa letu hapa Ilala, anamjua miaka kama mitatu na anamuita Mwenyekiti kwa sababu alikuwa anakaa kwenye kiti cha wateja na hatoki mpaka umuombe vizuri. Jina la Kiporo tulimpa sisi baadaye.

Masika ya mwaka huu ndo yalimpandisha juu. Mvua ikianza anakuja kulala kwenye kitambaa cha mlangoni kwetu, ghorofa ya 3, na kwa sababu ni dume anaweka alama, kila kona ya ngazi inanuka. Baba mwenye nyumba akapandisha, akasema maneno mafupi tu: nyie ndo mnamlisha, ama mumuingize kwenu ama nitafute mtu aweke sumu. Hapo naomba tuelewane, maana kuna watu wananiambia paka hafungwi, mwache awe huru, na mi nakubali paka wengi wa mtaani wanaishi zao vizuri tu nje. Ila mbele yangu hapakuwa na suala la uhuru na kufungwa. Palikuwa na sumu na ndani.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Akaniangalia, akasema sawa, ila akikojoa kwenye kochi langu mnaondoka wote wawili.

Sasa usiku wa kwanza. Nilifanya kile ambacho naamini mtu yeyote mwenye roho nzuri angefanya, nikamfungulia mlango, nikamuonyesha nyumba nzima, karibu baba jisikie nyumbani, sebule hii, jiko hili, chakula cha paka cha supamaketi kwenye sahani mpya, maziwa kwenye bakuli. Nikafunga mlango. Ule mlango ulipogonga tu kitasa, kiumbe kikapotea. Tukamtafuta nusu saa, kumbe kaingia nyuma ya friji pale kwenye kompresa penye joto, macho yanawaka tu. Saa 6 usiku akatoka akaanza kulia, si nyau ile ya kuomba, ni ule mlio wa kuvuta mrefu kama mtoto aliyepotea sokoni, akapanda dirishani akachana wavu wa mbu wote, akashuka, akakojoa kwenye kochi (ndio, lile), akarudi dirishani. Mi nikaona ataanguka chini, nikamdaka kwa nyuma. Akageuka akaniuma kwenye kiganja, meno mawili yakaingia mpaka nikasikia kama sindano.

Lile jeraha nikalipeleka bombani, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, asubuhi nikaenda hospitali. Watu wengi wanafikiri kichaa cha mbwa ni cha mbwa tu. Paka anakipata, anakitoa, na kikishaanza dalili kwa binadamu hakuna cha kufanya tena, ndo maana hakuna kusubiri uone. Nikaanzishiwa chanjo. Afu nikaambiwa kitu ambacho ndo kiligeuza kisa chote: huyo paka msimuachie, msimuue, mfungeni sehemu moja mumuangalie siku 10. Akiwa mzima mpaka siku ya kumi maana yake wakati anauma hakuwa na virusi kwenye mate.

Siku 10 sehemu moja. Sehemu yenyewe ni stoo yetu, mita mbili kwa moja na nusu, kidirisha kidogo juu chenye nondo, kuna gunia la mkaa, ndoo, feni mbovu na boksi lake. Nilimuonea huruma sana, nilimuweka mle kama mahabusu. Mke wangu hakumuonea huruma hata chembe, alikuwa anafua foronya za kochi.

Ila mle stoo paka alitulia. Si siku hiyo hiyo, ila usiku wa pili mlio ulipungua, wa nne nikamkuta kalala ndani ya boksi la feni kajikunja. Nilikuwa najiuliza kwa nini huyu alikataa nyumba ya vyumba viwili akakubali kijistoo, nikampigia daktari wa mifugo ambaye baadaye ndo alimhasi, akanijibu kwa swali, wewe ukipelekwa usiku kwenye jumba usilolijua, umezimiwa taa, hujui nani yupo chumba gani, utalala katikati ya sebule? Paka wa mtaani ramani yake ni harufu. Kila nguzo pale chini anaijua, ipi ya kwake, ipi ya adui, wapi pa kukimbilia. Nilipomleta kwetu nilimpa ukumbi mtupu usio na harufu yake hata moja, wenye milango mingi ya kutokea hatari. Stoo ina kona nne. Ndani ya siku moja ameshazimaliza zote, ameshajisugua mashavu kila mahali, kwake ndo hapo.

Kwaiyo kosa langu la kwanza lilikuwa ukarimu. Na dawa ya kosa niliipata kwa bahati mbaya, kwa kung'atwa.

Shida iliyobaki mle ndani ilikuwa hali chakula. Siku ya kwanza sikushangaa, siku ya pili nikaanza kuogopa, na hapa nataka nimjibu jirani yangu mmoja aliyesema mwache, njaa itamfundisha. Kwa mbwa labda. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula mwili unakimbiza mafuta kwenye ini, ini linajaa linashindwa kazi, na anaweza kufa chakula kikiwa mbele yake. Paka mnene ndo yuko hatarini zaidi lakini sikutaka kujaribu kwa huyu wa pingili.

Nikashuka kwa mama samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwenyekiti anaendeleaje huko kwenu?"

"Hali mama. Leo siku ya pili, nimemuwekea chakula cha dukani kile cha paka, hata kunusa hanusi."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini, alikuwa anapaa samaki. "Mzoea vya kunyonga huyo, vya kuchinja ataviwezea wapi? Na maji unampa?"

"Maziwa nimempa."

"Maziwa! Atakuharia humo ndani mpaka ujute."

(Alikuwa sahihi. Paka mkubwa wengi wao tumbo halisagi sukari ya maziwa ya ng'ombe, picha ya paka na kibakuli cha maziwa imetudanganya vizazi na vizazi.)

Akanifungia vichwa viwili vya samaki kwenye gazeti, akaniambia nivichemshe. Nilikuwa naondoka akaniita, akavuta gunia kuukuu chini ya meza, gunia la nailoni lililopauka, limejaa manyoya na magamba, linanuka shombo ya miaka mitatu. "Hili ndo godoro lake. Mpelekee." Naomba mjenge picha ya mimi napandisha ngazi na lile gunia, mke mjamzito anayetapika kwa harufu ya vitunguu tu yupo mlangoni. Tulibishana pale dakika 20. Mwisho likaingia stoo kwa masharti, mlango usifunguliwe mbele yake.

Kiporo alilinusa lile gunia, akalikanyaga kanyaga kwa mikono ya mbele kama anakanda unga, akalala juu yake, na baada ya saa moja akala kichwa kizima cha changu. Sijawahi kufurahi hivo kwa kuona mtu anakula.

Kuhusu chakula niseme yote hapa niyamalize. Samaki mbichi kila siku si mzuri kwa paka, baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, ukichemsha kinakufa. Na samaki peke yake miezi na miezi nayo ina matatizo yake. Ugali na dagaa anakula ila ule ugali ni wa kumjazia tumbo tu, paka ni mla nyama haswa, kuna kitu kinaitwa taurini mwili wake hauwezi kujitengenezea cha kutosha, kipo kwenye nyama, samaki, moyo wa kuku, na akikikosa muda mrefu moyo na macho vinaharibika. Tulichofanya ni kuchanganya, kijiko kimoja cha chakula cha dukani ndani ya samaki wa kuchemsha, kesho viwili, tukaenda hivo wiki tatu mpaka ikawa nusu kwa nusu. Hapo ndo bajeti inaporuhusu na yeye anaporuhusu.

Choo nacho kilinipa somo. Nilinunua ule mchanga maalumu wa paka kifuko kidogo bei kubwa, nikauweka kwenye beseni kona ya stoo, asubuhi beseni safi kabisa, kaenda kwenye gunia la mkaa. Kachimba, kajisaidia, kafukia, ustaarabu wote. Nikawaza huyu miaka yote alikuwa anaenda wapi? Pale nyuma kuna jengo linajengwa halimaliziki, lina rundo la mchanga. Nikashuka na ndoo nikaomba kwa mafundi, nikajaza beseni, nikahamisha mkaa nje. Usiku huo huo akatumia. Baadaye nikawa naongeza maranda kidogo kidogo kupunguza uzito, akakubali. Beseni liwe kubwa ajigeuze, na lisikae jirani na chakula, hata wewe hupendi kula chooni.

Siku ya kumi ikafika, paka mzima, daktari akampa chanjo yake ya kichaa, dawa ya minyoo na ya viroboto. Hapa kuna tahadhari moja, dawa nyingi za kupe na viroboto za mbwa zina permethrini, hiyo kwa paka ni sumu, anatetemeka mpaka anakufa. Usiseme nitampa nusu dozi. Ni kama Panadol, siku Kiporo alipohasiwa, shemeji yangu alitaka kumsagia nusu kidonge amuondolee maumivu, mkono wake niliudaka hewani. Ini la paka haliwezi kuichakata ile dawa, nusu kidonge kinaweza kumuua.

Kuhasi kwenyewe kulifanyika wiki ya tatu. Kwa dume ni operesheni ndogo, jioni alisharudi, analewa lewa kama mtu katoka harusini. Tulikosea kutegemea miujiza. Mkojo wa kurusha ukutani haukuisha kesho yake, homoni zilizobaki mwilini zinachukua wiki kadhaa kupungua, kwetu ilichukua kama wiki tano, na katikati hapo spika ya redio, pazia na begi langu la kazi vyote vilipata sehemu yake. Wengi wao wanaacha. Wachache hawaachi, hilo nalo mtu alijue kabla.

Kusafisha pia tulikuwa tunakosea. Mke wangu alikuwa anamwaga jiki. Kwanza jiki ikikutana na mkojo inatoa gesi inayokaba koo, kwa mjamzito ndo usiseme. Pili harufu ya dume ina vitu vya salfa, na hata kama pua yako haisikii kitu baada ya jiki, yeye bado anaisikia na anarudi pale pale kufanya upya. Kilichosaidia ni sabuni ya unga ile yenye vimeng'enya, vile vitu vinavyovunjavunja uchafu, unaloweka na maji ya uvuguvugu, unasuuza sana, unaanika juani. Kochi lilikaa kwenye korido siku mbili, majirani walifikiri tunahama.

Kutoka stoo kuja sebuleni tulifanya kwa saa. Jioni nafungua mlango wa stoo nusu, nakaa chini sakafuni na simu yangu, simuangalii, simuiti. Ukimkodolea paka macho anaona unatafuta ugomvi. Siku ya kwanza alitoa kichwa. Siku ya tatu akazunguka kochi akarudi mbio. Kama siku ya sita akakaa mita moja kutoka kwangu, akanitazama, akafumba macho taratibu akafumbua, nikamjibu vile vile, tukakaa tunafumbiana macho kama wapenzi wa zamani, mke wangu akapita akasema Mungu wangu. Daktari alishanieleza kwamba hilo halifanyi kazi kwa kila paka, mtoto wa paka anajifunza kumzoea binadamu kwenye wiki ya pili mpaka ya saba hivi ya maisha yake, akikosa hapo anakuwa wa porini na kumfungia ndani ni kumtesa. Kiporo tangu zamani alikuwa anakuja kwa mama samaki mkia juu. Mkia juu kwa paka ni salamu. Alikuwa tayari paka wa watu, sema hakuwa na nyumba.

Chumba cha kulala tulimfungulia wiki ya sita. Sikuona haja ya haraka tena.

Ila kulia kulirudi, na hiki ndo kipande ambacho mi binafsi nakipenda. Alipopata sebule akaanza tena kulia, kila siku, na kila mtu akanipa jibu lile lile, anataka nje. Mama mkwe akapiga simu kutoka Tanga, akasema huyo si paka, paka gani analia alfajiri, huyo ni jini mtoeni kabla mtoto hajazaliwa. Bibi wa ghorofa ya kwanza, ambaye ni mtu wa msikitini, akamtetea, akasema paka si najisi, yumo katika wanaotuzunguka, hadithi ipo, na tangu lini jini likala dagaa? Mi katikati ya wazee wawili sikuwa na la kusema. Nikachukua daftari.

Kazi ya stoo inakuzoesha kuandika kila kinachoingia na kutoka, kwaiyo nikaandika kila akilia, saa ngapi, amesimama wapi. Siku nane. Kilichotoka si kulia kumoja, ni kulia kuwili tofauti kabisa. Kwa kwanza ni saa 10 jioni, dakika 10 huku au huku, na kila mara yuko mlangoni, kaelekeza pua kwenye upenyo wa chini. Kwa pili ni saa 10 na nusu mpaka 11 alfajiri, na kila mara dirishani, hata mlangoni hasogei.

Saa 10 jioni mama samaki anapaa samaki. Miaka mitatu saa hiyo hiyo matumbo yanadondoka chini ya meza, na harufu inapanda ngazi inaingia chini ya mlango wetu. Hakuwa analilia nje, analilia mshahara. Tukahamisha mlo wake mkubwa, badala ya saa 2 usiku tunapokula sisi tukauweka saa 9 na dakika 50, mke wangu ndo yupo nyumbani saa hizo na bila kupenda akawa ndo mtoa mshahara. Siku nne, kulia kwa jioni kukaisha. Kukaisha kabisa, daftari lipo.

Alfajiri ilikuwa ngumu zaidi. Paka kwa asili ni mtu wa mapambazuko na magharibi, ndo saa za kuwinda, na ndo saa za madume kukagua mipaka. Pale chini kuna dume jingine, jeusi na jeupe, lilikuwa limeshaanza kukaa kwenye kiti cha Mwenyekiti, na Kiporo alikuwa anamuona kwa macho yake kupitia dirisha. Kuhasiwa kulipunguza ule uchungu taratibu. Mengine tulifanya wenyewe, saa 4 usiku kabla ya kulala namchezesha na kamba ya kiatu nimefunga kipande cha plastiki, anaruka mpaka anahema, afu ndo anapata mlo mdogo. Mchezo kwanza chakula baadaye, kama amewinda akala, baada ya hapo anajilamba na kulala. Na kitu kigumu kuliko vyote, akilia alfajiri hakuna kuamka. Mi nilikuwa naamka nampa dagaa wawili anyamaze, yaani kwa wiki mbili nilikuwa namlipa alie. Nilipoacha, siku tatu za kwanza alilia zaidi, nilikuwa nalala na mto juu ya kichwa, afu ikaanza kushuka.

Dirisha nalo lilihitaji fedha. Wavu wa mbu si kitu kwa paka. Kuna utafiti wa New York wa mwaka 1987 wa paka 132 walioanguka maghorofani, asilimia 90 walipona, watu wanaupenda sana kuutaja, ila hao ni waliofikishwa kwa daktari, waliokufa pale pale nani aliwapeleka? Nikamuita fundi akafunga waya mgumu wa matundu madogo nyuma ya grili. Chini yake nikaweka stuli na kipande cha kapeti. Sasa hapo ndo ofisi yake, anaangalia kunguru. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kusafisha mji, sasa Dar nzima ni yao na hakuna anayewapenda, lakini kwa Kiporo ni televisheni ya bure kuanzia saa 12 asubuhi. Anawatolea sauti ya ajabu, meno yanagongana gongana.

Swali la mimba lilikuja kutoka kliniki, majirani, kila mtu. Vimelea vya toksoplazma ni vya kweli na vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, sitaki kumdanganya mtu. Ila daktari wa mifugo na yule wa kliniki walisema karibu kitu kimoja: paka anavitoa kwenye kinyesi kwa wiki moja mpaka tatu hivi anapoambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi kikitoka leo hakiambukizi leo, mayai yanahitaji siku moja mpaka tano yakomae. Kwaiyo beseni linasafishwa kila siku bila kukosa, na anayesafisha si mjamzito. Mimi hapo, glovu mkononi, kila saa 1 usiku. Na wote wawili walimuuliza mke wangu kuhusu mishkaki isiyoiva na kachumbari isiyooshwa vizuri, ambayo kumbe ni njia kubwa tu ya kupata hivyo vimelea, na ambayo kwa wiki kama mbili alikuwa anainunua kila jioni pale pale chini. Hapo alinyamaza. Lawama kwa paka zikapungua.

Isionekane kila kitu kimenyooka. Nikisafiri kikazi siku mbili anakojoa kwenye kitambaa cha mlangoni, sijapata dawa yake. Mgeni akija mwenye sauti kubwa anarudi stoo kwenye boksi, nasi tunamuacha, boksi halitoki mle. Na wiki ya nane alitoroka, mtu wa maji aliacha mlango wazi, nikapigiwa simu kazini. Nilirudi nikamkuta chini ya ngazi, ghorofa ya chini kabisa, kakaa hatua tano kutoka kwenye genge, anamuangalia lile dume jeusi na jeupe likiwa kwenye kiti. Hajapigana, hajakaribia. Nilivyomuinua alikuwa anatetemeka, na sikujua ni hasira au ni woga, mpaka leo sijui.

Wiki ya kumi mama samaki akafunga genge mapema akapanda kuja kumuona. Alikuja na mfuko wa dagaa, akavua ndala mlangoni, akaketi kwenye kochi lile lile. "Mwenyekiti! We Mwenyekiti!" Paka hakuja. Alikuwa chini ya meza ya televisheni, tunauona mkia tu. Nikaona aibu, nikataka kumvuta, mama akanizuia kwa mkono, akasema muache, na yeye ana mambo yake. Wakaongea na mke wangu habari za mimba, tumbo limekaa juu au chini, dakika kama 40. Kukawa na joto, mama akaishusha kanga ya juu aliyojitanda, akaiweka pembeni yake.

Kiporo alitoka bila kumuangalia mtu, akaruka kwenye kochi, akainusa ile kanga kuanzia pindo mpaka pindo, akaanza kuikanda. Akalala katikati yake.

Saa ya kuondoka mama akaivuta ncha kidogo, paka hakufumbua jicho. Akaiachia, akavaa ndala, akashuka ngazi kichwa wazi. Kanga ipo hapa mpaka leo, tumeshaifua mara mbili na kila tukiifua anatususia siku nzima.